Changarawe za Ua la Memsahibu

Kambi ya machimbo,
Shinyanga.

Mdogo wangu Elieza,

Nakusalimu wewe na nyumba yako. Shikamoo yangu umfikishie mama ukiwa umepiga magoti kando ya kitanda chake. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa. Barua yako niliipokea. Ulianza na habari za mahindi, ukamalizia na ugonjwa wa mama. Siku nyingine jambo zito litangulie.

Niliomba ruhusa siku ile ile. Memsahibu ninayemtunzia bustani akanijibu, "Ua langu likichanua utakwenda, Filemoni. Mikono mingine italiua." Ua lenyewe ni dogo, la buluu, mmea wake haufiki shubiri moja, lilitoka kwenye milima ya Ulaya yenye theluji. Kwetu Usambara lingeota bila kubembelezwa. Huku nililijengea kivuli cha matete, nikalinywesha maji ya mtungini kila alfajiri. Likatoa tumba moja. Nikafunga sanduku langu.

Kisha mizizi ikaanza kuoza, kwa kuwa udongo mweusi wa huku hushika maji. Mmea wa mlimani hutaka changarawe. Kwetu changarawe huokotwa njiani. Kwa mazoea hayo nikachota debe moja kwenye rundo lililo nyuma ya karakana, nikauhamishia mmea chunguni. Nilisahau kwamba hapa almasi hutafutwa ndani ya changarawe hizo hizo.

Walinzi wawili wakanifuata bustanini.

"Mwangaluka, mzee!" mmoja alinisalimu kwa Kisukuma chake. "Unapanda nini?"

"Ua."

"Ua linakula mawe? Hata mbuzi wa baba yangu hajafika huko!"

Mwenzake akacheka. Nikawaambia, "Msikimwage chungu, wanangu. Safari yangu ya kumwona mama imo humo."

"Basi tuitazame, mzee, kama inang'aa."

Wakakimwaga, wakachekecha, wasipate kitu. Tumba lilikatika, mizizi ikabaki juani.

Memsahibu alilia, akaingia ndani. Juu ya safari yangu hakusema neno. Ofisini wameniamuru nisitoke kambini mpaka shauri langu liishe. Litaisha lini, hawasemi.

Mama akiuliza, usimdanganye kwamba nimo njiani. Nisalimie mke wangu, Mama Naomi. Asiende kunipokea stesheni ya Mombo. Dada yetu Raheli, anayemlisha mama, Mungu amlipe.

Ikiwa mtamzika kabla sijafika, chota konzi ya udongo umtupie kwa niaba yangu. Huko hakuna mlinzi atakayekuuliza umeuchota wapi.

Kaka yako,
Filemoni