Mashine Zangu Zimemzika Baba Mkwe Mara Nne

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimejifungia chumba cha mashine hapa kazini kwa sababu nyumbani hakukaliki, na nakushika miguu unisaidie kabla sijapoteza ndoa au kazi au vyote kwa mpigo.

Mimi ni fundi wa mifumo ya kompyuta katika hospitali yenye majengo matatu, la wagonjwa wa nje, la upasuaji na la wazazi, na wakuu wa majengo hayo hawaaminiani hata kuazimana kalamu, kwa hiyo nilipoambiwa niunde daftari moja la wagonjwa wote nikaona nisiliweke mahali pamoja, nikaweka mashine tatu, kila jengo na yake, kila moja ina nakala ya daftari zima, na kila robo saa zinaulizana habari, na zikitofautiana neno la mbili linashinda neno la moja, ili moja ikizimika au ikiropoka kazi isisimame, na nikawaapia wakuu wote watatu kwamba hakuna mtu, hata mimi niliyeziunda, anayeweza kubadili kilichokubaliwa na wengi. Walinipigia makofi.

Mwanzoni kulikuwa na kasoro, mashine ikizimika siku mbili ikarudi na daftari lake la zamani ilikuwa inafufua watu, hadi marehemu mmoja akaitwa kuja kung'olewa jino na wanawe wakaja kulia pale mapokezi, basi nikatia kitu tunachokiita jiwe la kaburi, yaani alama kwamba huyu amekufa, na mashine yoyote itakayoleta habari kwamba yu hai wenzake waiambie nyamaza, na mtu akimwandikisha upya zinamtambua kwa alama ya kidole na kumfuta. Nilijisifu sana kwa jiwe hilo.

Sasa baba mkwe wangu ni fundi saa, ana miaka sabini na moja, jicho moja limeshafungwa na mtoto wa jicho na la pili linafuata, na daktari wa macho tuliyeletewa yupo hadi mwisho wa mwezi tu. Wiki tatu zilizopita tingatinga la wachimba mtaro likakata waya wa jengo la wagonjwa wa nje, na kabla haujaungwa karani wa upasuaji akaandika kifo cha mzee mwingine, akakosea tarakimu moja, kifo kikaangukia namba ya baba mkwe, mashine mbili zilizobaki zikakubaliana, na waya ulipoungwa ile ya tatu ikaambiwa na ikaitikia. Hakuna kilichoharibika, mshauri, na hilo ndilo linaloniuma, kila kitu kilifanya kazi vilevile nilivyokipanga. Zikatuma rambirambi kwenye simu ya mama mkwe, naye kwa kuwa mumewe alikuwa ameketi mbele yake anatafuna, akajua ni matapeli.

Siku yake ya kupasuliwa ilipofika mzee akaja na mfuko wa nguo, na mimi nimemshika mkono. Karani wa mapokezi akatazama kioo cha kompyuta, akainuka.

"Pole sana kwa msiba, mzee."

"Msiba wa nani?"

"Wako."

Nikasema ni jambo dogo hili, nikamwandikisha upya, akawa hai robo saa, akafutwa, na rambirambi ikaenda tena, na safari hii mzee hakuwa nyumbani, mama mkwe akapiga kelele, majirani wakaja na viti. Nikajaribu tena, akafa tena, majirani wakaja bila viti. Mara ya nne mama mkwe alinipigia mwenyewe akaniuliza, "Leo kafa saa ngapi? Nipike au nisipike?" Nikaenda kwa daktari wa macho nikamwomba ampasue hivyo hivyo, akaniambia, "Dada, mimi namwona anapumua, lakini ghala la dawa halitoi ganzi kwa marehemu."

Hapo fundi mwenzangu, tunayemwita Njia ya Mkato, akanishauri tumwandikishe mzee kama mtoto mchanga, kwa sababu wachanga hawachukuliwi alama ya kidole, na akaandika uzito wake wa kweli maana ganzi hupimwa kwa uzito, na mashine zote tatu zikakubali kwa kauli moja, zikamtumia mama mkwe, mwenye miaka sitini na sita, pongezi kwa kujifungua salama mtoto wa kiume wa kilo sabini na nane. Tangu siku hiyo hasemi nami. Baba mkwe akaniambia kwa upole, "Mwanangu, kufa nimevumilia. Chanjo sichanjwi." Na upasuaji wenyewe mashine zikaukataa, zikasema tusubiri mtoto afikishe miezi sita.

Mume wangu, ambaye ni mwalimu na si mtu wa kufoka, jana alifoka. "Seremala akiunda mlango, anashindwaje kuufungua?" Nikamwambia mlango huu hauna ufunguo.

Mshauri, ufunguo upo. Nilipoziunda niliogopa, nikaacha neno la siri ninalolijua peke yangu, nikilichapa mashine zote zinanyamaza na naandika nitakalo. Nikilitumia mzee anafufuka kwa dakika moja, lakini kila kitendo kinabaki kimeandikwa, wakuu wataona, watajua niliapa uongo, na daftari lote halitaaminika tena. Nisipolitumia jicho linafunga. Zimebaki siku tisa. Nifanyeje?

Mkwe Mwenye Jiwe la Kaburi

*

Mwanangu,

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini kwa kuwa aliyechomwa ni mzee wa watu, nakupa pole nusu.

Mimi kompyuta naijua kwa kuiwasha na kuizima. Umbea ndio naujua vizuri. Mtu mmoja akisema la uongo, wenzake wawili wakalipokea bila kwenda kumtazama anayesemwa, huna mashahidi watatu hapo, una uvumi mmoja wenye midomo mitatu. Ulijitahidi mashine zisizimike pamoja. Hukuwaza kwamba zinaweza kudanganywa pamoja.

Kesho asubuhi mpeleke baba mkwe kwa mkuu wa upasuaji, na kitambulisho chake mkononi. Mkuu aandike kwa kalamu kwamba huyu anayekohoa mbele yangu yu hai, atie saini, ghala litoe ganzi. Kabla hujaleta mashine zako, hospitali hiyo ilikuwa inatoa ganzi kwa karatasi, na karatasi hazijafa.

Ule ufunguo usiuguse ukiwa peke yako. Leo utautumia kwa baba mkwe, mwezi ujao kwa shemeji, na mwakani hutakumbuka ulianza lini. Waite wakuu watatu chumba kimoja, uwaambie kwa mdomo wako: niliapa uongo. Kisha uukate vipande vitatu, kila mkuu na chake, mlango ufunguke pale tu viwili vinapokutana, na majina ya waliofungua yaandikwe. Jiwe la kaburi libaki, maana hata mimi sitaki kufufuliwa ning'olewe jino. Ila lisisimikwe kabisa kabla ya siku saba, na kabla mtu mwenye damu na nyama hajaipigia familia simu. Mumeo mwambie ukweli leo hii. Mama mkwe muombe radhi uso kwa uso, wala usimweleze chochote kuhusu mashine. Njia ya Mkato asionekane tena jengo la wazazi.

Na kuna lililonikera kuliko yote. Umeandika kurasa nne, na hukuuliza hata mara moja: yule mzee aliyekufa kweli yuko wapi? Kama kifo chake kilimwangukia mwingine, basi yeye katika mashine zako yu hai. Tafuta kwake. Usitume ujumbe. Nenda ubishe hodi.

Kwa kuwa siku tisa hazisubiri gazeti, haya yote nilikusomea kwa simu. Ukaniambia, "Mshauri, watanifukuza." Nikakujibu, "Basi fukuzwa ukiwa umesema kweli."

Wasomaji wangu wajue yaliyofuata. Mkuu wa wagonjwa wa nje alipiga meza. Wa upasuaji aliomba maji. Wa jengo la wazazi akauliza kwa sauti ndogo kama ufunguo huo unaweza kumwondoa mtoto wa kilo sabini na nane, kwa sababu wakubwa wake walikuwa wamemwandikia kumpongeza kwa wastani mpya wa uzito wa wachanga, na walikuwa njiani kuja kujifunza kwake. Mlango ukafunguliwa mbele ya wote watatu. Umepewa onyo la maandishi, unalistahili. Mzee alipasuliwa Alhamisi, na bandeji ilipotolewa alimtazama mkewe akasema, "Kumbe ndivyo unavyoninunia!"

Kisha ukaenda kwa mjane, na ulinipigia ukilia. Alikuonyesha simu yake: jumbe kumi na tisa za kumkumbusha marehemu dawa ya presha, na hakuwa amefuta hata moja. "Niliambiwa mashine ni tatu," alikuambia. "Nikadhani labda zinajua kitu ambacho mimi sikijui."

Unaniuliza jumbe hizo uzizime leo au kesho. Muulize yeye kwanza. Akisema zima, zima akiwa anakuona. Akisema bado, ziache, na kila jioni umpigie wewe mwenyewe, umuulize ameshindaje, mpaka siku atakayosema basi.