Mawimbi Yaliyokwisha Hesabiwa

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Kwako mke wangu mpenzi, Mama Ndeshi,

Pokea salamu zangu, na ukifika mwisho wa mstari huu umpelekee mama shikamoo yangu kabla hujaendelea na mengine. Mguu wake unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa kaka yako ailete, ilifika? Na Ndeshi ameacha kukohoa? Watu wanaotoka Moshi wanasema mvua zilizidi na migomba mingi imelala. Natumaini ya kihamba chetu, shambani hapo nyumbani, imesimama. Mimi mwilini ni mzima. Hayo mengine ndiyo ninayokuandikia.

Katika barua yako uliniuliza swali moja tu, bila kulizungusha: "Baba Ndeshi, ile kazi umeimaliza?" Nimeimaliza. Niliimaliza masika yalipokuwa yanaisha, na nilitaka nije nikuambie kwa mdomo wangu. Sasa naona bora uyasome, kwa maana sijui kama nitaweza kuyasema.

Mzee Saleh ninayepanga kwake unamjua kwa sifa, yule Mwarabu mwenye duka hapa chini. Siku hizi rafu zake zimebaki na viberiti na dawa ya mbu, wateja hakuna, kwa hiyo nikitoka chuoni kufundisha ananiita tunakunywa kahawa. Mwaka jana aliniuliza, "Mwalimu, hayo mawimbi yako yanapiga pwani gani?"

Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe tulipokuwa wachumba. Kwamba ulimwengu wote, na nyota zake zote, mwanzoni ulikuwa mdogo kupita punje ya ulezi, na moto wake hausemeki. Kisha, kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, ukatanuka kwa kasi ambayo akili haiifikii. Mtanuko ule ukaitikisa nafasi yenyewe, na mtikisiko huo ungali unasafiri kama mawimbi ya mvutano, mvutano huu huu unaorudisha jiwe chini ukilirusha. Kama tunafikiri sawasawa, yanatupita hata tukiwa tumekaa kwenye benchi lake, ila yamedhoofika mno hatuyahisi.

"Umeyaona?"

"Hakuna aliyeyaona, Mzee. Chombo cha kuyaonea hakijapatikana."

"Sasa wewe unafanya nini?"

"Nahesabu yatakuwa na nguvu kiasi gani leo, ili siku chombo kikipatikana watu wajue wanatafuta nini."

Akafikiri. "Si mngetumia nuru tu? Nyota zina nuru."

Nikamwambia mwanzoni ulimwengu ulikuwa kama ukungu mzito, nuru imenaswa ndani haina pa kutokea. Mawimbi haya yalipita ukungu ule bila kuzuiwa. Ndiyo yanayoweza kutuletea habari ya mwanzo kabisa. Mzee Saleh akamwita mkewe, "Bi Zuwena, hebu njoo umsikilize Mwalimu." Tangu siku hiyo wote wawili waliacha kuniuliza kwa nini siendi nyumbani.

Unajua nilikuwa nikifanya kazi na nini. Nilikuwa na jarida moja, lile nililoachiwa na mwalimu wa kigeni alipokuwa anaondoka, lenye habari ya mtanuko huo wa kasi. Mengine hayakuja. Maktaba iliacha kupokea majarida mapya kwa kuwa nchi haina fedha za kigeni, na nchi isiyo na dawa hospitalini haiwezi kulaumiwa kwa kukosa majarida. Karatasi hazikuwapo, nikaandika nyuma ya mitihani ya zamani. Umeme ukikatika nilikaa barazani kwa Mzee Saleh nikafuata mwanga wa jua. Nawe huko ukifundisha asubuhi na kulima jioni, ukimuuguza mama yangu, ukimlea mtoto. Krismasi nilipokuja, Ndeshi alijificha nyuma ya khanga yako, ukamsukuma mbele, akaniamkia shikamoo kwa adabu kama anavyomwamkia mgeni. Nilijisemea, kazi ikiisha yote haya yatakuwa na maana yake.

Jibu lilipopatikana nililirudia upya kutoka mwanzo, likatoka lile lile. Nililia, Mama Ndeshi, kwa furaha. Bi Zuwena alipika pilau bila nyama, na Mzee Saleh akawatangazia majirani kwamba mpangaji wake ameujua mwanzo wa ulimwengu. Mpiga chapa wa chuoni alinisaidia kuichapa yote, na nikaanza kutafuta bahasha nzuri ya kuipeleka ng'ambo, kwa watu wenye jarida.

Hapo ndipo Kapinga aliporudi. Kapinga ni yule mwalimu mwenzangu kutoka Songea aliyepelekwa masomoni Ulaya. Tulikutana kwenye mgahawa karibu na Posta. Alikuwa amenenepa, amejaa furaha ya kurudi. Akafungua mkoba akasema, "Nimekukumbuka ndugu yangu. Kila kitu nilichokiona kuhusu mtanuko na mawimbi nimekutolea nakala." Akaniwekea rundo mezani, na mimi nikamshukuru hata kabla ya kutazama.

Ya kwanza nilisoma kichwa chake tu. Ya pili nilianza kuisoma, na chai yangu ikapoa. Ilikuwa kazi yangu. Njia ile ile, hatua baada ya hatua, na penye ule ugumu ulionikalisha kipupwe kizima, waandishi wake walipita kwa mistari michache. Mwisho wake ni jibu langu. Nikatazama juu ilikoandikwa tarehe. Ilitoka kabla sijachora mstari wangu wa kwanza, wakati Ndeshi bado anatambaa.

Kapinga aliniona uso. Nikamsogezea karatasi zangu, akazilinganisha polepole, moja huku moja kule.

"Lakini maana yake uko sahihi," akasema.

"Sahihi iliyo pale si yangu, Kapinga."

"Umefika walikofika wao, tena peke yako, bila kitabu."

"Nimefika watu wamekwisha ondoka."

Kapinga aliona haya, kana kwamba yeye ndiye aliyeniharibia, akataka kuzirudisha nakala mkobani. Nilimwachia alipe chai nikaondoka kwa miguu.

Sitaki ufikiri ni jina ninalolilia. Jina ningeweza kulikosa. Kinachonimaliza ni kwamba siku zote zile nilizokuwa nikiamka na kufikiri leo labda nitaona kitu ambacho hakuna mtu amekiona, kitu hicho kilikuwa kimekaa kwenye rafu za watu, kimesomwa, kimefungwa, wamehamia kwingine. Na hapakuwa na mtu wa kuniambia. Nikikumbuka ile furaha yangu sasa naiona kama ya kichaa anayecheka peke yake njiani.

Kesho yake chuoni niliingia darasani, nikashika chaki, nikawaambia wanafunzi wasome wenyewe. Nikarudi kulala. Mzee Saleh alikuja akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, hajawahi kuingia chumbani kwangu kabla ya hapo. Alikuwa amekwisha sikia kwa Kapinga, aliyepita dukani kunitafuta.

"Mwalimu, hayo mawimbi, kwani yameondoka?"

"Hayajaondoka."

"Basi?"

"Basi hayanihitaji, Mzee."

Sikumwonea vibaya kwa kuuliza, ni mimi niliyemfundisha kutumaini. Kisha akauliza, "Mkeo anajua?"

"Hajui."

"Mwandikie. Usimfanye mjane na wewe ungali hai."

Ndiyo maana nimeandika. Lakini kuna jambo moja zaidi. Uliniambia mkuu wa sekondari ya hapo kwetu bado anatafuta mwalimu wa fizikia. Jana nilishuka mtaa wa Gerezani hadi stesheni ya treni, nikasimama kwenye foleni ya tiketi. Ilipofika zamu yangu karani aliniuliza, "Unakwenda wapi?" Ni swali la kila abiria. Nikamtazama. Jina la Moshi lilikuwapo kichwani, lakini halikutoka. Watu wakaanza kunung'unika nyuma yangu, nikatoka kwenye foleni nikarudi.

Mama mwambie nimebanwa na kazi, usimweleze mengine. Nisalimie kaka yako aliyebeba dawa, na mchungaji, na yule jirani yetu mjane anayekusaidia kukata majani ya ng'ombe. Mwanangu Ndeshi mwambie baba anamsalimu. Akiuliza baba ni yupi, mwonyeshe picha.

Shule zikifungwa, njoo Dar. Mzee Saleh amesema utalala kwa Bi Zuwena hata siku ngapi. Usinijibu kwa barua, Mama Ndeshi. Njoo unichukue.

Wako niliyekuacha na mzigo wote,
Baba Ndeshi