Muguu yako ilikuwa kwa frein

Nabintu, mutoto wangu wa kwanza,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwa simu unanikata. Nikianza tu kusema "ile siku ya gari", unajibu, "Maman, tuache hiyo," halafu unaniuliza kama maharagi imeota na mukono inaendelea namna gani. Karatasi hautaikata. Unaweza kuiweka chini, lakini itabaki inakungojea hapo Lubumbashi. Masomo yangu unaijua ilifika wapi, kwa hiyo soma polepole na usicheke maandishi.

Ile gari ya papa yako unaijua kuliko mimi. Volant yake ya kuendesha iko kuume, kama magari mingi ya hapa, na sisi tunapitaka upande wa kuume vilevile. Mwenye kuendesha akitaka kupita camion ya mizigo mbele yake, haoni kitu yenye inakuya. Mwenye kukaa kushoto njo anakuwa macho yake. Ile kiti ilikuwa yangu. Miaka yote nilimuambia papa yako "bado, bado, sasa pita," na siku wewe ulitoka auto-école na permis yako ya kuendesha, nikakuwa macho yako pia. Ulikuwa unanichokoza kwamba Maman hajapanda hata baiskeli, lakini bila yeye gari ya hii nyumba haifiki popote.

Siku ile tulikuwa tunatoka Lwiro kwa mama yangu. Nyuma kulikuwa mukungu ya ndizi, na kwa miguu yangu kikapo na kuku. Kisha kupita Kavumu barabara inanyooka, lami nzuri, ukasema nikuonyeshe kitu. Ukabonyeza kale kamuti ka pembeni ya volant, ukatoa muguu, na gari ikaendelea kukimbia yenyewe. Uliniambia inaitwa régulateur, inashikilia mwendo, na ukigusa tu frein, ile ya kusimamisha, inaachilia. Nikakuambia gari yenye kujiendesha siipendi. Ulicheka mupaka bega ikatikisika. Tangu hapo sijasikia tena ukicheka vile.

Soko ya Miti ikakaribia, watu wakaanza kuwa wengi kando ya barabara. Nikakuambia punguza. Nikaona goti yako inashuka. Moteur haikushuka, Nabintu. Ikalia zaidi, kama ng'ombe mwenye unavuta kamba na yeye anavuta kwenda mbele. Ukakanyaga tena. Ukabonyeza kale kamuti, mara ya kwanza, mara ya pili, bure.

"Maman, haiachilie."

Haukupiga kelele. Sauti yako ilikuwa kadogo, kama wakati ulikuwa mutoto na homa.

Hapa nataka usome mara mbili. Mimi niliangalia chini, kwa miguu yako. Ulikuwa na viatu yako nyeupe. Muguu yako ya kuume ilikuwa juu ya ile pedale pana, ya frein, umeikanyaga na nguvu yote. Ile ingine nyembamba, ya kukimbiza, ilikuwa pale peke yake. Hakuna mutu aliikanyaga, na ilikuwa imeshuka chini yenyewe, kama kuna muguu ingine yenye hatuone.

Harufu ya frein kuungua ikaingia, moteur inaishinda nguvu. Mbele yetu kulikuwa camion imesimama, na kuume kwake wamama na mizigo ya mihogo kwa mugongo. Uliniuliza neno moja tu: "Kushoto?" Nikatoa kichwa inje ya dirisha. Pikipiki ilikuwa inakuya. Nikasema bado. Camion ikakuwa kubwa mbele ya kioo yako. Nikasema bado. Pikipiki ikapita, nikasema sasa, na ukapita bila kugusa hata kanga ya mutu. Kisha nikaona kuume ukuta wa udongo, pale walikata mulima, na hakuna mutu chini yake. Nikakuonyesha na kidole. Ukaiingiza gari pale.

Mukono yangu ya kushoto niliiweka mbele ili nisigonge kichwa, njo ikavunjika. Kuku akatoka kupitia dirisha, akatembea polepole katikati ya barabara kama chefu wa mahali. Nakuambia hiyo ili ukumbuke kwamba wote tulitoka wazima, mupaka kuku.

Halafu akafika yule kijana wa pikipiki mwenye alikuwa nyuma yetu tangu Kavumu. Akasema mbele ya watu wote kwamba wewe haukufunga frein hata kidogo, kwamba aliangalia taa yako ya nyuma na haikuwaka. Papa yako alifika, akasikia hiyo, na akaamini. Hakukasirika, ingekuwa afazali angekasirika. Alisema tu na sauti ya kawaida kwamba wanawake wanachanganyaka pedale. Mimi juu ya kitanda ya hospitali nikasema niliona muguu yako kwa macho yangu. Wakanifunika bulangeti. Wakasema Maman alikuwa na woga, na tena hajui hata pedale gani ni ya nini.

Lakini wao hawakunivunja moyo kama wewe. Ulikuwa unanikunjia kitambaa ya mukono, ukasema bila kuniangalia, "Labda ni kweli, Maman. Labda nilikanyaga ile ingine." Kisha permis ikaingia chini ya valise, na wewe ukaenda Lubumbashi. Ile kazi ya kuzunguka na gari, yenye walikupatia, ukaikataa. Kila siku unapoamka huko, najua unafikiri ulitaka kumuua mama yako. Na mimi niko hapa na mukono yenye hainyooke vizuri, na ningeweza kukuimbia ukweli kila asubui na hautaniamini, sababu mimi ni mama na mama anateteaka mutoto wake.

Sasa sikia. Gari ililala mwaka muzima chini ya bâche ya kuifunika, kando ya jikoni. Papa yako ameitengenezesha pua, akaitoa. Siku ya kwanza tu, kule Nguba, polisi ya roulage wakamusimamisha: taa yake ya frein haiwake. Alifikiri wanatafuta tu feza ya Fanta. Akarudi kwa parcelle, hapa nyumbani, na hasira, akaniambia niingie kwa volant nikanyage frein, yeye aangalie nyuma.

Mimi, kwa ile kiti. Mara yangu ya kwanza.

"Kanyaga," akasema.

"Nimekanyaga."

"Maman Nabintu, kanyaga frein, si ile ingine."

"Papa Nabintu, kuya uone muguu yangu."

Akakuya. Akaona kandambili yangu juu ya pedale pana, mupaka chini. Akarudi nyuma: giza. Akakuya tena mbele, akaangalia muguu. Akarudi tena nyuma. Alifanya vile kama mutu mwenye kupoteza ufunguo. Kisha akakaa juu ya bidon ya maji. Mimi sikutoa muguu. Niliiacha pale ili aiangalie muzuri.

Kwa garaji walimueleza kuna kitu kidogo nyuma ya pedale ya frein. Ukikanyaga, kile kitu kimoja kinawasha taa ya nyuma, na ni kile kile kinaambia régulateur iachilie. Kilikuwa kimekufa. Hakikuwasha taa na hakikuachilisha gari. Kwa hiyo kijana wa pikipiki hakudanganya, taa haikuwaka. Na wewe ulikuwa umekanyaga. Yote mbili ni kweli, Nabintu, siku ile ile, muguu ile ile.

Waliweka kipya, na ile régulateur papa yako aliwaambia waikate kabisa, asiione tena. Tulipofika nyumbani aliniomba nikanyage tena. Ukuta ya jikoni nyuma ya gari ikakuwa nyekundu na taa. Alisimama akaiangalia wakati murefu, wadogo zako wakafikiri kuna kitu kinaungua.

Unamujua, neno ya kuomba musamaha haitokaka kwa kinywa yake. Alipokuita kwa simu juzi na akakuambia tu habari ya mvua, njo ile neno alikuwa anatafuta. Ulifunga simu mbio sana.

Lakini jana nilimukuta ndani ya gari, imesimama kwa parcelle, imeoshwa. Alikaa kushoto, kwa kiti yangu, volant haina mutu. Nikamuuliza anaenda wapi.

"Siendi," akasema. "Najaribu kiti. Nabintu akikuya, mimi njo nitamuangalilia kushoto."

Nikamuuliza, na mimi?

"Nyuma. Na kuku."

Najua njia ya kufika huku siku hizi ni nguvu kuipita, sikusukume. Lakini siku ile njia itafunguka, toa ile permis chini ya valise, uipanguse, uiweke kwa sakosi ya mukono, si tena chini ya mizigo. Kiti ya kuume iko wazi, na taa ya nyuma inawaka.

Nabaki nakungojea,

Maman yako, mwenye aliona muguu yako