Handaki la Kitinda

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele.
Jumapili, 11 Agosti

Mpendwa Kaka,

Hujambo? Wifi yangu na watoto hawajambo? Kile kikohozi chako kimekuacha, au bado unakibembeleza? Sisi tunashukuru. Nyonga ya Mama inaendelea kuunga. Sasa anaweza kukaa, na ameanza tena kubishana na redio, kwa hiyo usiwe na hofu.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu Kitinda huishika simu yangu kama yake, na leo nataka kumsema.

Unajua mimi na huyo mdogo wetu tuko kampuni moja ya bima. Mama alipoanguka, Kitinda aliwahi kuomba afanyie kazi nyumbani, na bosi akakubali. Tatizo lilikuwa barua pepe. Zina siri za magonjwa ya watu, na kompyuta za kampuni zimezungushiwa ukuta, si wa matofali, wa programu, usiomruhusu mtu wa nje kuchungulia. Fundi wetu wa kompyuta, tunayemwita Miwani, akamtengenezea njia ambayo yeye huiita handaki. Kompyuta ya Kitinda inabisha kwenye mlango mmoja tu, inaonyesha ufunguo wake, kisha barua zinapita humo zikiwa zimefumbwa. Mwizi akizidaka njiani ataambulia herufi zilizovurugika.

Basi Kitinda akahamia kando ya kitanda cha Mama, kompyuta mapajani. Kila aliyekuja kumjulia Mama hali aliondoka akimsifu. Mimi nilirudi jioni miguu imevimba, nikafua mashuka, na jirani akaniambia nikiyaanika, "Mama yenu ana bahati kuwa na yule binti." Yule! Kaka, roho iliniuma hadi nikaangusha vibanio.

Nikamwendea Kitinda. "Nipe huo ufunguo, kesho nikae mimi."

"Siwezi, dada. Ufunguo ni wa mtu mmoja. Ukiingia nao, kazini wataona ni mimi."

"Sema tu hutaki nikae na Mama."

Alifunga kompyuta, akaenda kuchemsha maji ya kumwogeshea.

Kesho yake nilimwendea bosi bila kuzunguka. Aliporidhia, Miwani alinitengenezea ufunguo wangu, akaniambia nichague maneno ya siri marefu, akanigeuzia mgongo nilipoyaandika. Barua ya kwanza ilipoingia nikiwa chumbani kwa Mama, nilikaribia kupiga vigelegele.

Furaha haikufika mchana. Kitinda alitoka kwenda ofisini kavaa viatu vya visigino, anacheka na simu, nami nikabaki na kandambili na beseni. Nikamwonea wivu tena! Jioni nikamwambia, naye akaketi ghafla.

"Dada, mimi nilikuwa nakuchungulia dirishani kila asubuhi ukitoka. Wivu ulinishika mpaka chai haipiti."

Kaka, nilidhani wivu ni wangu peke yangu humu ndani.

Lakini Mama ndiye aliyenimaliza. Nilipomgeuza alisema mikono ya Kitinda ni laini. Nilipomnywesha uji aliuliza Kitinda atarudi saa ngapi. Kitinda naye ananiambia kwamba siku za zamu yake, Mama huniulizia mimi. Mara ukapiga simu wewe. Uso wa Mama ukang'aa kama wa bibi harusi! Akaishika simu kwa mikono yote miwili, akajigeuzia ukutani na nyonga ile ile anayolia nayo, tusisikie mnaongea nini. Wewe, ambaye tangu aanguke hujamwoshea hata kikombe!

Sasa tunapokezana mimi na Kitinda, na ugomvi umepoa, maana tumegundua kwamba sote wawili tunakuonea wivu wewe. Kazi yako nayo ni ya kompyuta. Miwani anasema waombe mafundi wa kwenu wakuchimbie handaki lako, ufanye kazi ukiwa hapa. Mama hasemi, lakini ukikata simu huiweka juu ya kifua na kuiacha pale mpaka ipoe. Njoo, Kaka. Kiti tumeshakiweka upande wa dirishani.

Nisalimie wifi yangu, wabusu watoto, na umwambie shangazi aliye huko kwamba tunamkumbuka. Mungu akulinde njiani, maana nimeshahesabu kwamba unakuja.

Wako akupendaye, hata akiwa amenuna,
Mdogo wako wa katikati