Karatasi Zetu, Tumbaku Yao

Mahandakini, Aragón, 1937

Dada Visitación,

Mimi mzima, na chawa wangu wote wazima. Katika vita hivi vya sisi kwa sisi, upande wetu una karatasi za kusokotea sigara, wenzetu wana tumbaku. Basi Jumapili tunaweka bunduki chini, tunabadilishana. Jana aliyeleta tumbaku ni mchumba wako, Fermín!

“Shemeji, bado ananisubiri?”

“Ameshaolewa na mwoka mikate.”

Akanywea mpaka nikamhurumia. “Nakutania, bwege wee!” Akanikumbatia nusura anivunje mbavu.

Leo tumepewa amri: kesho alfajiri tunakishambulia kilima chao. Usihofu, dada. Mimi nitalenga mawingu, na Fermín unamjua, hata sungura aliyelala humkosa.

Mdogo wako,
Eusebio