Picha ya Meno ya Saulo

Iyunga, Mbeya
9 Juni 1957

Mpendwa dada Damari,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani kwa Mama. Sisi tu wazima, ila baridi ya mwezi huu inatukata vidole, na Mama anakohoa asubuhi. Shemeji Timotheo hajambo na ualimu wake? Na mwanangu Saulo, bado uji unamtokea puani? Esta wangu bado. Mungu aliwapa watoto wetu kaakaa lililopasuka wote wawili, lakini baba zao aliwapa tofauti. Wa kwako anafundisha karibu na hospitali, wa kwangu anachimba dhahabu Chunya na humwoni mpaka Krismasi.

Mahindi tumevuna, si haba. Viazi vimeoza kidogo.

Sasa dada, kaa chini. Ile picha ya eksirei ya meno ya Saulo haikuliwa na panya. Ni mimi niliyekuandikia hivyo, tena mara mbili, nawe ukaniamini. Mama masikini ametega mitego mitatu na kila siku anajilaumu. Picha ninayo mimi, chini ya godoro langu.

Ulipoituma ili Mama amwone mjukuu wake, aliitundika ukutani kando ya picha ya harusi yako. Kila mgeni akija, chai haijamiminwa, picha imeshashushwa na kuinuliwa dirishani. "Ndaga fijo, asante sana, Damari mwanangu! Tazameni, mpaka meno yaliyo ndani ya ufizi yanaonekana!" Na Esta amekaa palepale kwenye kigoda, hakuna hata mmoja aliyemwambia afungue kinywa. Niliona wivu, dada. Wivu ule wa kukosa usingizi. Tangu utoto gauni jipya lako, kuukuu langu, nikanyamaza. Lakini hili la mtoto lilinishinda.

Basi niliichukua. Alhamisi iliyopita nikaenda nayo zahanati, nikamwambia mganga, Bwana Abrahamu, kwamba ni ya Esta, aandike barua tupokewe upesi hospitali ya huko kwenu Iringa. Nilidhani picha ni cheti, anayeishika ndiye anayeingia.

Akaiinua dirishani. Akamfungua Esta kinywa. Akarudia picha. "Mama Esta, huyu wa kwenye picha ameanza kung'oka meno ya utoto. Wako ana miaka minne, hajang'oka hata moja. Mwenye picha ni nani?"

Nilitamani ardhi ipasuke, nikamwambia ni ya mtoto wako. Akanionyesha jino moja limelala kando ya ule ufa, halijashuka. Akasema daktari lazima aweke picha hii pamoja na mpya aone jino limesogea wapi, ndipo ajue wakati wa kuziba. Akibahatisha, jino laweza kuharibika na kazi yote ikaharibika. Nikakumbuka barua zako, kwamba daktari anaitaka kabla ya mwezi kwisha. Dada, nilikuwa nimelalia kinywa cha mtoto wako.

Nisamehe. Mama nitamwambia mwenyewe jioni hii, nitegue na mitego yake.

Siitumi kwa posta, naogopa isipotee kweli. Naileta mwenyewe kwa basi la Jumatano, nimeifunga ndani ya kanga. Usidhani wivu umekwisha. Bado ninao, na nitapanda nao basi. Na Esta nakuja naye. Bwana Abrahamu ametuandikia barua, safari hii kwa jina lake Esta. Daktari akimaliza na Saulo, mwambie tu kwamba yuko mwingine mlangoni, naye hajapigwa picha hata moja.

Nisalimie shemeji, Mama Rozalia jirani yako, na Saulo, umwambie asiyachezee kwa ulimi meno yanayolegea. Bwana awafunike kwa mkono wake mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokuonea wivu,

Sekela