Filamu Haikushika

Jumamosi, tarehe 8
Foto za kwaya. Kabla hawajamaliza kujipanga, kamera yangu ya motori ikafa. Ile ilikuwa mashine: unalaza ulimi wa filamu kwenye alama nyekundu, unafunga mlango, inajivutia yenyewe. Nimetoa ile ndogo ya marehemu baba, ya zamani zaidi, ya kuvuta kwa kidole gumba. Haina betri, haina makuu. Kesho tunamzika Baba Neema.

Jumapili, tarehe 9
Maziko. Jeneza likafunguliwa, familia ikajipanga nyuma yake, nipige foto ili hata walio mbali waage. Neema yuko Uvira, Kongo, hakuweza kuja. Mama yake alinishika mkono, akaomba nipige foto nzuri ya kumtumia mtoto. Vijana wakainua simu. Nikawafokea wazishushe, foto ya simu hufa na simu. Wakatii. Nilijiona mtu mkubwa.

Jumatatu, tarehe 10
Nimezungusha kikono kurudisha filamu. Chepesi. Chepesi tangu mwanzo, kama hakuna filamu inayovutwa. Nililaza ulimi nikafunga mlango, kama nilivyozoea kwa ile ya motori. Hii ya baba unachomeka ulimi kwenye roli ya kukunjia filamu kwa mkono, unavuta, unaona umeshika ndipo unafunga. Najua hilo tangu utotoni. Labda nakosea. Mungu wangu, nikosee.

Jumatano, tarehe 12
Mbarara. Mzee wa studio, ambaye bado ana dawa za kuosha filamu, aliiinua dirishani. Wazi, bila foto hata moja, mwanzo mpaka mwisho. Akasema pole. Sikuweza kumtazama.

Alhamisi, tarehe 13
Nimezunguka kambi yetu ya Nakivale nikiuliza vijana kama kuna aliyeiba hata foto moja kwa simu. Hakuna. Walinitii wote. Aibu mingi.

Ijumaa, tarehe 14
Nimemwambia Mama Neema. Hakupiga kelele. Akapiga simu Uvira, akanipa.

"Ni weye ulisimama karibu kupita sisi wote. Umwambie vile baba yake alikuwa."

Neema akaniuliza baba alivikwa nini. Nilipima hatua, nilipima mwanga, jua lilikuwa upande gani najua. Shati la marehemu silijui. Akauliza kama uso ulitulia. Hata hilo sikujua.

Mama akaichukua simu mkononi mwangu. Akaanza taratibu: shati ya bulu, ile ya Krismasi, rozari mkononi, uso kama wa mtu aliyelala baada ya shamba. Akanionyesha kiti. Nikakaa, nikasikiliza.